Muulize Fundi: "King'amuzi changu kinagonga tik, tik, tik"

Mbukwenyi, wasomaji. Mwezi huu barua tano kati ya zilizofika bandani kwangu hapa Majengo zinahusu jambo moja: ving'amuzi vinavyorekodi, na diski iliyomo ndani yake. Sishangai. Huu ndio msimu wake. Kuanzia Agosti mpaka mvua zianze Desemba, Dodoma ni upepo na vumbi, na Oktoba ikiingia bati la banda linapiga kelele kwa joto. Ndipo meza yangu inapojaa mashine hizi.

Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana aliyeandika amejieleza kama mgonjwa anayeujua mwili wake. Wengine mtajikuta humo humo.

*Mwanangu fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kikuyu. Nina king'amuzi cha kurekodi, huu mwaka wa sita. Narekodi Bunge la bajeti nilitazame jioni nikiwa nimetulia, na wajukuu wanarekodi tamthilia zao za Kituruki. Tangu mwezi wa nane kimeanza vituko. Asubuhi kinawaka vizuri. Ikifika saa nane mchana picha inaganda, sauti inakatika, halafu ndani kunagonga tik, tik, tik, kama kijiti kwenye sahani ya bati. Mara nyingine kinajizima na kujiwasha chenyewe. Juzi kiliandika kwamba hakioni hifadhi. Fundi wa mtaani amesema diski imekufa, nitoe hela ya mpya. Mjukuu naye amesikia kwamba diski ikigoma huwekwa kwenye friza usiku kucha. Ningekubali yote, ila humo ndani kuna kwaya ya usharika wetu siku ilipoonyeshwa kwenye televisheni, na marehemu mke wangu yuko safu ya pili. Nifanyeje?*

Shikamoo, mwalimu. Pole kwa yote mawili.

Mjukuu aiache friza. Nitaeleza sababu mbele.

Kabla hatujatafuta ugonjwa, tuokoe kwaya. Watu wengi wanaanza na bisibisi wakati walipaswa kuanza na simu. Vipindi ulivyorekodi vimefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya king'amuzi chako. Ukiitoa diski ukaipachika kwenye king'amuzi cha jirani, hata kama ni toleo lile lile, haitacheza. Ukiipeleka kwenye kompyuta, haitacheza pia. Kwa hiyo mahali pekee pa uhakika pa kuwaona hao wanakwaya ni kwenye kioo cha televisheni yako, kupitia mashine hiyo hiyo, ikiwa bado hai. Kesho asubuhi na mapema, wakati kuna baridi, kiwashe. Funga mapazia. Zima feni. Punguza mwanga wa TV kidogo, maana simu hazipendi kioo kinachowaka sana. Simamisha simu ya mjukuu kwa ubavu juu ya vitabu, karibu na spika, kisha cheza kwaya mwanzo mpaka mwisho huku simu ikirekodi. Haitakuwa picha ya harusi, lakini utakuwa nayo.

Ikiganda mahali, usirudishe nyuma mara kumi kujaribu pale pale. Ruka mbele dakika moja, endelea, na hicho kipande kijaribu mwisho kabisa. Kila ukirudi unaipeleka diski mahali penye kidonda ikajikune tena. Na kabla ya kuanza, futa ratiba zote za kurekodi zilizopangwa, Bunge na Waturuki pamoja, mashine isiandike chochote juu ya mzigo huu. Ukiona imewaka vizuri, usiizime mpaka umalize. Diski dhaifu huteseka zaidi inapoanza kuzunguka kuliko inapokuwa imeshachanganya. Nimeona nyingi zilizozimwa zikiwa zinacheza, zisiwake tena.

Umemaliza? Sasa tuongee ugonjwa.

Ndani ya diski ya king'amuzi kuna sahani za kung'aa zinazozunguka. Nyingi za mashine hizi huzunguka karibu mara 5,400 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa sahani ya diski kubwa, ile ya inchi tatu na nusu, unakwenda zaidi ya kilomita 90 kwa saa, wakati basi la Singida barabarani linaruhusiwa 80. Juu ya sahani hiyo kuna kichwa kidogo cha kusoma na kuandika, kinaelea kwenye hewa bila kuigusa, na nafasi iliyopo kati yao ni nanomita chache tu. Unywele wa mtu ni nanomita makumi ya maelfu. Chembe ya vumbi la Ihumwa, ukiilinganisha na nafasi hiyo, ni jiwe la Manyoni katikati ya lami.

Na diski hii haipumziki. Uliwahi kujiuliza inawezekanaje kusimamisha matangazo ya moja kwa moja ukaenda kupokea simu, ukarudi ukaendelea pale pale? Ni kwa sababu mashine inarekodi muda wote kituo unachotazama, uombe usiombe. Nyingi haziachi hata zikiwa zimezimwa kwa rimoti. Mwaka una saa 8,760. Miaka sita ni saa 52,560. Hakuna mwalimu aliyefundisha saa hizo.

Kwa hiyo diski yako ina haki ya kuchoka. Lakini sijasema imekufa, na huyo fundi wa mtaani naye, kwa maelezo uliyonipa, hakupima kitu. Dalili zako mbili zinanifanya nisite: asubuhi nzuri mchana mbaya, na kujizima na kujiwasha chenyewe. Diski mbovu peke yake huwa haichagui saa.

Tuanze na dishi tulitoe njiani. Wako wanaobadilisha diski kumbe dishi limesogezwa na upepo. Rekodi iliyochukuliwa siku ya mawingu mazito itakuwa na chenga ndani yake milele, na kila ukiicheza zitatokea dakika ile ile. Hapo diski haina kosa, imehifadhi kilichoingia. Tofauti ni hii: chenga za dishi zinapita, picha inavunjika vipande lakini muda unaendelea kuhesabu. Diski ikikwama, namba za muda zinasimama, picha inaganda kama imepigwa msumari, na mara nyingi ndipo unaposikia kugonga. Yako ni ya pili. Tuliache dishi.

Joto. Mwalimu, niambie kweli: juu ya king'amuzi kuna kitambaa cha kufuma? Nauliza kwa heshima zote, maana nyumba tisa kati ya kumi ninazoingia hapa mjini nakikuta, cheupe, chenye maua pembeni, kimefunika matundu yote ya kutolea joto. Halafu king'amuzi kimekaa juu ya deki ya zamani, ndani ya kabati lenye mlango wa kioo. Diski nyingi watengenezaji wanataka zisizidi nyuzi 60. Ndani ya kabati hilo, Oktoba, saa nane mchana, hapo si mbali. Toa kitambaa, kitandike juu ya kochi. Toa king'amuzi kabatini, kikae peke yake, kiache upana wa kiganja kila upande. Kaa nacho siku mbili. Wateja wangu kadhaa tiba yao iliishia hapo, na sikuwadai kitu.

Umeme. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame, kwa sababu ndipo diski nyingi zinapozikwa zikiwa hai. Hiyo diski ya inchi tatu na nusu inatumia volti 12 kuzungusha mota na volti 5 kwa ubongo wake. Inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache, hata ampea mbili. Adapta ikizeeka, au kapasita za pawa saplai, vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji, zikivimba vichwa, volti 12 inashuka wakati huo huo inapohitajika. Mota inashindwa kufika mwendo wake, kichwa kinarudi nyumbani, kinajaribu tena, kinarudi. Tik, tik, tik. Sauti ni ile ile ya diski iliyokufa! Na king'amuzi kizima kikikosa nguvu kinajizima, kinajiwasha. Joto nalo linaizidishia adapta ugonjwa.

Mwaka jana jamaa mmoja wa Bahi aliniletea mashine iliyohukumiwa na mafundi wawili. Nilipopima adapta ikiwa peke yake, mita ilisoma volti 12.1, safi kabisa, na hapo ndipo wenzangu walipodanganyika. Niliiacha mita ikiwa imeshika, nikawasha king'amuzi. Diski ilipoanza kuzunguka tu, mita ikaanguka mpaka 9 na pointi. Nikampa adapta nyingine. Mpaka leo inafanya kazi, ananiletea karanga. Kwa hiyo mwambie fundi wako apime adapta ikiwa na mzigo. Asiyejua maana ya neno hilo usimwachie mashine.

Na ukinunua adapta, soma ampea, usiishie kwenye volti. Adapta ya ruta imeandikwa volti 12 na tundu linaingia vizuri, lakini nyingi ni ampea moja. King'amuzi kikiwa kimeandikiwa tatu, hiyo itawasha taa tu na kuanza kugonga. Kama pawa saplai yako iko ndani, kapasita zilizovimba zinaonekana kwa macho, na bei yake haifiki chipsi mayai. Ila asiyezoea asiguse: upande unaopokea umeme wa ukutani unashika chaji hata ukishachomoa.

Waya wa data. Mrefu, mwembamba, unalegea. Chomoa, futa, chomeka. Dakika moja.

Ukifika hapa na bado inagonga, sasa diski itolewe ipimwe kwenye kompyuta. Kama mashine bado ina dhamana, au ni mali ya kampuni iliyokukodishia, usifungue, irudishe kwao. Kama ni yako, fundi aichomeke kwa kifaa chenye adapta yake yenyewe. Windows itasema diski haijulikani, iandaliwe au ifomatiwe. Jibu ni hapana. Kila mara hapana. Haijulikani kwa sababu imepangwa kwa mtindo ambao Windows hausomi, basi.

Kila diski inajiandikia daftari la afya linaloitwa SMART, na programu kama CrystalDiskInfo inalisoma bure. Kwa mwalimu nitalieleza kama daftari la mahudhurio. Mstari wa 05 ni wanafunzi waliohamishwa: vipande vya sahani vilivyoharibika vikapewa nafasi za akiba. Wakiwa wachache na namba haipandi, diski inaweza kuishi miaka. Mstari wa C5 ni watoro wanaosubiri kuitwa na wazazi: vipande vilivyogoma kusomeka na bado hatima yao haijaamuliwa. Huu ndio ninaouogopa. Ukiwa na namba leo, na wiki ijayo imepanda, agiza diski nyingine. C6 ni waliofukuzwa: vipande vilivyoshindikana kusomeka kabisa. C7 ikipanda, lawama ni ya waya ule niliosema, diski haina kosa. 09 ni saa ilizofanya kazi, utaona mwenyewe kama hesabu yangu ya 52,560 iko mbali. Na kama diski inagonga ikiwa kwenye umeme mzuri, nje ya king'amuzi, kompyuta haiioni kabisa, hapo huyo fundi wa mtaani alikuwa sahihi, mwombe radhi kwa niaba yangu.

Friza. Hadithi hii ni ya zamani na wako walioapa kwamba iliwasaidia. Ukitoa kitu baridi ukakiweka kwenye hewa ya chumba, kinatoka jasho. Chupa ya soda inatoka jasho nje. Diski ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, kwa hiyo unyevu unaweza kuwa hata ndani, juu ya zile sahani, chini ya kile kichwa. Tundu hilo wengine wanaliziba kwa gundi wakidhani wanazuia vumbi la Dodoma. Msizibe. Na yule aliyeniuliza siku moja kama mwinuko wetu wa mita elfu moja na mia moja hivi ndio unaua diski: watengenezaji wengi huruhusu mpaka mita 3,000. Mlima hauna hatia.

Kufungua mfuniko wa diski "kuangalia tu" nako kusifanyike, na hili nalisema kwa aibu. Nilipokuwa bado fundi wa redio na TV za chogo, banda langu likiwa Chang'ombe, niliifungua diski ya mteja mwezi wa Agosti. Sahani ilikuwa nzuri kama kioo cha bibi harusi. Nikaona vumbi, nikapuliza kwa mdomo. Ilizunguka dakika mbili, ikaanza kukwaruza. Nikamwambia mteja ilikuja imekufa. Haikuja imekufa.

*Nyongeza.* Gazeti likiwa bado halijaenda mtamboni, mwalimu alifika mwenyewe na mashine kwenye mfuko wa rambo. Kwaya imeshaingia kwenye simu, imeganda mara moja tu, kwenye beti la tatu. Kitambaa kilikuwepo, kiliachwa nyumbani. Adapta ilianguka mpaka volti 10 ikiwa na mzigo. Nimebadilisha, kugonga kumekoma. Lakini C5 inasoma 16, kwa hiyo sikumdanganya kwamba imepona. Anaendelea nayo kwa Bunge na tamthilia, vitu ambavyo hata vikipotea hakuna atakayelia, na tumekubaliana aje baada ya mwezi tusome tena.

*Fundi, mambo vipi. Nina baa ndogo Nkuhungu. Diski ya king'amuzi ilikufa kweli, nikaweka ya laptopu niliyokuwa nayo. Inarekodi, lakini nikiwawekea wateja marudio ya Simba na Yanga inakwama kwama. Rafiki ananiambia niweke SSD, haina kitu kinachozunguka, haitakufa. Ushauri?*

Poa. Kwanza, habari ya kifurushi cha nyumbani kuonyeshwa baani, kaongee na waliokuuzia; mimi sikuisikia.

Diski ya laptopu imelelewa na nyaraka. Ikikuta kipande kisichosomeka inajaribu tena na tena, sekunde nyingi, kwa sababu barua ikikosa herufi moja ni kosa. Diski za video zimelelewa tofauti: zikikuta tatizo zinapita haraka, kwa kuwa jicho halitaona nukta moja iliyopotea, lakini litaona picha iliyosimama wakati mpira uko kwenye kumi na nane. Ndiyo sababu yako inakwama.

SSD inavutia, na kwa joto na mitikisiko ni nzuri. Shida ni kwamba huchakaa kwa kuandikiwa, na king'amuzi kinaandika muda wote. Tuseme kituo kimoja ni megabiti 8 kwa sekunde. Hiyo ni karibu gigabaiti 3.6 kwa saa, 86 kwa siku, zaidi ya terabaiti 31 kwa mwaka. Kikishika vituo viwili kwa pamoja, zidisha mara mbili. SSD za bei nafuu za gigabaiti 240, nyingi ninazoziona zimeandikiwa takriban terabaiti 80. Piga hesabu mwenyewe kama muuza bia.

Nenda kwenye maduka ya kamera za ulinzi, yamejaa mjini tangu ofisi za serikali zihamie. Ulizia diski za kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Zimetengenezwa kuandika usiku na mchana, kazi ile ile. Kabla ya kulipa, hakikisha king'amuzi chako kinakubali ukubwa huo, baadhi huchagua. Na ukiwa bado kaunta, omba ichomekwe kwenye kompyuta usome ule mstari wa 09. Nimeuziwa "mpya" iliyokuwa na saa elfu ishirini na kitu. Nailoni ilikuwa mpya.

*Kaka fundi, naandika kutoka Mpwapwa. Nina king'amuzi kidogo kisicho na diski ndani, kina tundu la USB. Nilichomeka diski ya nje ya mdogo wangu nirekodi ibada. Taa ikawaka, ikalia tik, ikapotea. Nilipojaribu tena ikakaa, king'amuzi kikaniuliza jambo kwa Kiingereza nikabonyeza sawa. Kumbe kimefuta! Humo kulikuwa na video ya send-off yake. Hajui bado.*

Dada yangu, chomoa hiyo diski sasa hivi. Usirekodi chochote, hata dakika moja, hata kwa kujaribu.

Kufomati kwa namna hiyo, mara nyingi, huchana karatasi ya yaliyomo mbele ya kitabu. Kurasa zenyewe bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu za bure, TestDisk na mwenzake PhotoRec, zinazopekua kurasa hizo moja moja. Kafanyiwe na mtu mwenye kompyuta na diski nyingine tupu yenye ukubwa huo au zaidi, kwa sababu vinavyookolewa haviwekwi kwenye diski ile ile. Majina ya mafaili yatapotea, utakuta namba tupu, itabidi uzifungue moja moja mpaka umwone bwana harusi. Video ndefu wakati mwingine hutoka vipande vipande. Mwambie mdogo wako mapema. Akisikia kwa fundi itauma zaidi.

Ile tik na kupotea ilikuwa njaa ya umeme. Tundu la kawaida la USB hutoa nusu ampea, na diski ya nje inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu moja. Siku nyingine tumia kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya ukutani, au flashi nzuri tu, inatosha kwa ibada. Na ukiona ibada inakatika baada ya saa moja na kidogo, hapo flashi ni nzima: mpangilio wa FAT32 haubebi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Vingine hugawa faili vyenyewe, vingine vinaacha tu kurekodi mchungaji akiwa hewani.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi hapa UDOM. Nataka kutoa diski ya king'amuzi cha nyumbani nihamishie filamu kwenye laptopu yangu.*

Marahaba. Hazitacheza, sababu nimempa mwalimu hapo juu. Na mzee wako akirudi akute king'amuzi hakina diski, mimi simo.

*Fundi, nakusoma tangu mwanzo. Miezi miwili iliyopita uliandika kwamba stabilaiza inatosha kulinda king'amuzi. Ninayo, na umeme ulipokatika mara nne jioni moja huku Kondoa, rekodi zangu zote zilitoweka kwenye orodha. Ulitupotosha.*

Niliwapotosha, ndiyo. Nilikuwa nafikiria umeme unaopanda na kushuka, nikasahau unaokatika. Stabilaiza hunyoosha umeme uliopo. Usipokuwepo haina cha kunyoosha.

Umeme ukikatika, kichwa cha diski hakiangukii sahani kama watu wanavyodhani. Diski hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka kukirudisha mahali pake pa kuegesha. Kinachoumia ni maandishi. King'amuzi kilikuwa katikati ya kuandika orodha ya vipindi, kikakatwa kalamu, na kilipowaka kikakuta orodha haieleweki. Mara nyingi hapo kitakuomba kifomati, na kwa kuwa vipindi vimefungwa kwa ufunguo wake, kuvirudisha ni kazi nisiyokuahidi. Kabla hujakubali, kizime ukutani, kiache dakika kumi, kiwashe mara moja zaidi kikiwa kimetulia. Vingine hujikagua na kurudisha orodha. Kisiporudisha, fomati. Kisha sikiliza: kama hakigongi na kinarekodi vizuri wiki nzima, diski yako haijaumia.

Nunua UPS ndogo, kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, hata ya 650 VA. King'amuzi hakili umeme mwingi, kwa hiyo usichomeke TV kwenye UPS hiyo, king'amuzi peke yake. Muda utakaopata unatosha kukizima kwa utaratibu, na ule mchezo wa kukatika na kurudi mara nne utaishia kwenye betri. Stabilaiza yako ibaki, iwe kati ya ukuta na UPS. UPS yenyewe inatoa joto, isikae chini ya king'amuzi. Iweke sakafuni, na kitambaa kisifunike hata kimoja.